Ukanda wa Sumaku Unaosoma Fezi ya Wimbi

Kujua wimbi la sumakuumeme lina nguvu kiasi gani ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kujua limefika wapi katika kupanda na kushuka kwake, yaani fezi yake. Diodi ya kawaida ikipokea maikrowevu hutoa volti zinazolingana na nguvu tu. Habari ya fezi hupotea papo hapo.

Mwaka 1887, mjini Cleveland, Marekani, Albert Michelson na Edward Morley waligawa mwale wa mwanga, kila nusu ikapita njia yake, kisha wakazikutanisha. Kilele kikikutana na kilele, mwanga uliongezeka. Kilele kikikutana na bonde, giza. Fezi ilionekana, ila kwa kuikisia kutoka kwenye mistari ya mwanga na giza.

Njia nyingine ilianzia kwenye sumaku. Tangu karne ya 19, William Thomson alishagundua kwamba ukinzani wa chuma hubadilika kufuata mwelekeo wa usumaku wake. Mwaka 1988 Albert Fert nchini Ufaransa na Peter Grünberg nchini Ujerumani, kila mmoja kivyake, walikuta badiliko kubwa zaidi katika matabaka membamba ya metali. Spintroniki, yaani elektroniki inayotumia pia usumaku wa elektroni, ikashika kasi, na mwaka 2007 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel.

Hatua inayonivutia kuliko zote ilipigwa Winnipeg, Kanada, katika maabara ya Can-Ming Hu, Chuo Kikuu cha Manitoba. Mwaka 2010 kundi lake lilitangaza kifaa kilichofuata wazo la Michelson. Maikrowevu hugawanywa njia mbili. Nusu moja husukuma mkondo wa umeme ndani ya ukanda mwembamba wa sumaku. Nyingine huutikisa usumaku wa ukanda uleule, na ukinzani nao ukapanda na kushuka. Mkondo na ukinzani vikienda sambamba, huzaliwa volti tulivu, isiyoyumba. Kimoja kikichelewa robo ya mzunguko, volti hiyo inaweza kushuka hadi sifuri. Kikichelewa nusu, inageuka hasi. Fezi, iliyokuwa ikipotea ndani ya diodi, sasa inasomeka moja kwa moja kwenye voltimita, ndani ya kipande kimoja cha metali.

Weka kitu katika mojawapo ya njia hizo, wimbi litachelewa, na volti itakuonyesha limechelewa kwa kiasi gani. Baadaye maabara hiyo ilitumia vihisi vya spintroniki kuchora picha za vitu kwa maikrowevu, kwa kupima nguvu na fezi kwa pamoja.