Ndimu, asali na pombe kali: namna ya kutengeneza «dawa» ku nyumba

Kule Nairobi, kama mutu anaomba «dawa» mu baa, hawamuletee kidonge. Wanamuletea kopo fupi yenye vodka, ndimu, asali na balafu, pamoja na kijiti ya kuvuruga. Kinywaji hiki kilijulikana kupitia restora Carnivore, yenye ilifunguliwa mu 1980, na leo kinauzwa mu hoteli mingi za Kenya na Zanzibar. Mukubwa wake ni caipirinha ya Brazili, yenye inatengenezwa na pombe ya miwa, ndimu na sukari. Kuko ndugu mwingine, daiquiri ya Kuba. Huyo alipata jina ya kijiji ya mugodi wa chuma karibu na Santiago, na inasemwa kwamba ni enjenia Mumarekani, Jennings Cox, ndiye aliianzisha kule mwishoni mwa miaka ya 1890. Ni kusema, hii haiko mambo ya watalii tu. Ingine ilizaliwa kwenye mugodi, kitu yenye watu wa Likasi wanaweza kuelewa.

Ku nyumba haiombe vyombo vya baa. Kwa kopo moja: ndimu moja yenye kuiva, kijiko moja ya supu ya asali, vijiko tatu vya supu vya vodka ao rhum, na balafu. Viringisha kwanza ndimu juu ya meza na kiganja, ili itoe maji mingi. Ikate vipande vine, weka mu kopo pamoja na asali, ponda kidogo na mwiko. Usiponde sana, juu ganda yenye kusagika inatoa uchungu. Mimina pombe, vuruga mpaka asali iyeyuke, kisha weka balafu. Wengi wanakosea hapa: wanatanguliza balafu, asali inakuwa ngumu chini ya kopo, na kinywaji inabakia chachu tupu. Kama hakuna asali, sukari inatosha, lakini iyeyushe kwanza mu maji kidogo ya moto.

Balafu itoke mu maji yenye ilichemushwa. Pombe yenye iko mu kopo haiue mikrobe ya balafu. Na kama kura imekatika (Mwadingusha na Koni haviko mbali, lakini mu Panda kila mutu anajua namna inaendaka), maji baridi ya mutungi inaweza kusaidia.

Vijiko tatu ni karibu 45 ml. Vodka ya 40% inatoa hapo 18 ml ya alkoli safi. Kwa hiyo makopo mbili ni sawa na chupa kubwa moja ya bia ya 5%. Mutu hasikie vile, kwa sababu ndimu na asali vinaficha ukali. Ya tatu inaingia kama juisi, na ndiyo yenye kuangusha.

Sasa, swali yenye watu wanauliza zaidi: kuweka lutuku pa nafasi ya vodka, inafaa?

Lutuku ya kweli inatoka mu mahindi na muhogo. Inachachushwa, inachemushwa mu pipa, mvuke inapita mu mupira ao mu bomba yenye kupoeshwa na maji, na inatonya mu chupa. Wakati wa Wabeleji ilikatazwa, na bamama waliitengeneza kwa kujificha. Mupaka leo iko nyumba zenye watoto wanasoma na pesa ya lutuku, basi kuitukana tu haitoshe. Lakini mutu mwenye kuinywa hajue nguvu yake: ya leo inaweza kuwa 30%, ya kesho 50%. Vijiko tatu haviko tena kipimo.

Hatari yenye kuzidi iko pengine. Mahindi yenyewe inatoa metanoli kidogo sana. Lakini kuko wauzaji wenye wanaongeza alkoli ya viwanda ili pombe «ipige» haraka, na hiyo inaweza kuwa metanoli. 10 ml ya metanoli safi inaweza kupofusha mutu. 30 ml, vijiko viwili vya supu, inaweza kumuua. Mu Kenya, mu Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa na pombe ya namna hiyo. Uganda, mu mukoa wa Kabale, makumi ya watu walikufa mu 2010. Mu Februari 2024 ilirudilia Kenya, mu Kirinyaga.

Ndimu haiue metanoli. Asali haiiue, maziwa pia hapana. Kuinusa ao kuwasha moto mu kijiko haionyeshe kitu ya kuaminika. Chupa yenye mufuniko ulikwisha kufunguliwa, ao yenye bei iko chini sana kupita zingine, iache ku duka.

Kuko tena jambo ya bidon. Mu muji wa viwanda kama huu, bidon zilizobeba asidi na dawa zingine zinazunguka ku soko na zinaonekana safi. Usiweke ndani pombe, hata maji. Na maji ya ndimu isilale mu chombo ya shaba ao ya zinki, kwa sababu uchachu unatoa chuma na kuichanganya na kinywaji. Tumia chupa ya kioo.

Kama mutu alikunywa na, kisha masaa 12 mupaka 24, anaona kama ukungu mbele ya macho, tumbo inamuuma, anatapika, anapumua mbio, hiyo haiko «gueule de bois». Apelekwe hospitali palepale, na chupa ibebwe ili munganga aione. Usimungoje alale ipite. Dawa ya sumu hiyo iko, lakini inafanya kazi muzuri kama inaanza mapema. Macho yakikufa, mara mingi hayarudi.

Mama mwenye mimba na mwenye kuendesha moto wanaweza kupewa kopo ileile bila pombe: ndimu, asali, tangawizi yenye kusagwa, maji baridi. Ila mutoto mwenye hajafikisha mwaka moja asipewe, juu asali haimufae.