Mashahidi Wanne Mutukula: Wosia wa Mgambo na Pengo la Sheria katika Karagwe na Kyerwa

Ikisiri

Makala haya yanadai kwamba askari wa akiba nchini Tanzania hufundishwa sheria ya kumkamata mwenzake, lakini haandaliwi kisheria kuiacha nyumba yake. Ushahidi mkuu ni kanuni za wosia wa kimila za mwaka 1963, zikisomwa kwa jicho la mgambo aliyepelekwa Uganda mwaka 1979. Ninahitimisha kwamba pengo hili halizibwi na ukoo, na kwamba marekebisho ya sheria peke yake hayatoshi bila karatasi zilizoandikwa kabla ya lori kuondoka.

1. Tatizo

Mafunzo ya Jeshi la Akiba yanapofungwa wilayani, mgeni rasmi husomewa orodha ya masomo waliyopitia wahitimu: kwata, silaha, usomaji wa ramani, huduma ya kwanza, uraia, sheria. Somo hilo la mwisho ndilo lililonisukuma kuandika. Ni sheria ipi? Aghalabu ni ile ya ukamataji. Marekebisho ya sheria za mgambo ya mwaka 1975 yalimpa mwanamgambo aliye kazini mamlaka yanayofanana na ya polisi, na ni haki kabisa mwenye mamlaka hayo afundishwe mipaka yake. Lakini mwanamgambo huyohuyo ana mke, ana kibanja (shamba la migomba la nyumbani), ana kahawa iliyo mtini na pengine deni lisilojulikana na mtu mwingine nyumbani. Akiitwa leo, sheria aliyofundishwa itamhusu kila mtu isipokuwa watu wa nyumba yake.

Karagwe na Kyerwa ni mahali panapofaa kulipima jambo hili. Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana na Uganda na Rwanda. Ukisimama Murongo unaitazama Kikagati ng'ambo ya mto Kagera. Huku vita vya Kagera havikuwa habari ya redioni tu, na mali kubwa ya mkulima ni ardhi ambayo haki zake zimefumwa pamoja na ukoo.

2. Palipo na mwafaka na palipo na ugomvi

Juu ya vita vyenyewe sina ugomvi na waliotangulia. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, na Novemba 1 Amin akatangaza kuitwaa ardhi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Mutukula, mpakani, ilichukuliwa na majeshi ya Tanzania Januari 1979, Masaka Februari, Kampala Aprili. Tony Avirgan na Martha Honey, katika kitabu chao cha mwaka 1982, wanakadiria kuwa mgambo wapatao 40,000 waliingizwa katika jeshi lililokuwa likipanuliwa kwa haraka. Baldwin Mzirai alikwisha kulisimulia anguko la Amin kwa Kiswahili katika *Kuzama kwa Idi Amin*. Mkazo wa maandishi hayo ni mapigano na siasa. Mgambo anatokea humo akiwa tayari amebeba bunduki. Alichoacha nyuma yake si mada.

Ugomvi unaanza mtu anapouliza nani alipaswa kushughulikia kilichoachwa. Hoja inayorudiwa mara nyingi katika mijadala ya mirathi ni kwamba ukoo ni wosia tosha: Mnyambo au Mhaya hahitaji karatasi, kwani kikao cha ukoo kinajua kibanja ni cha nani, mpaka umepita kwenye mti gani, na mjane atunzwe vipi. Kwa hoja hiyo, maandalizi ya kisheria ya askari wa akiba ni desturi ya Marekani, ambako mtu wa akiba huandikiwa wosia na hati ya uwakilishi kabla ya kupelekwa vitani, na ambako sheria, iliyoandikwa upya mwaka 2003, humpa kinga dhidi ya baadhi ya madai akiwa kazini. Wao wana rehani na kadi za mkopo, sisi tuna migomba.

Hoja hii ina ladha ya kujivunia mila, lakini haijazisoma kanuni za mila zilizoandikwa.

3. Kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya kitanda cha mgonjwa

Mwaka 1963 serikali ilitangaza kanuni za sheria za mila, kazi iliyotegemea sana utafiti wa Hans Cory, ambaye mwaka 1945 alikuwa amekwisha kuchapisha, pamoja na Hartnoll, kitabu cha sheria za mila za Wahaya. Katika kanuni hizo mna sehemu nzima ya wosia. Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wanaojua kusoma na kuandika. Kama mwenye wosia mwenyewe anajua kusoma, wanatosha wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Kama hajui, wanarudi kuwa wanne. Mke aliyepo naye hushuhudia.

Busara ya kanuni hii haifichiki. Shahidi wa ukoo analinda ukoo usiporwe, na shahidi wa nje anamlinda mwenye mali dhidi ya ukoo. Mizani hiyo ni nzuri mtu akiwa anaumwa nyumbani, majirani wapo, na baba mdogo anaishi upande wa pili wa migomba.

Sasa ihamishie kanuni hiyo Mutukula, Januari 1979. Mgambo wa Karagwe yuko katika kikosi chenye watu wa Songea, Tarime na Lindi. Amejeruhiwa. Anataka kusema kibanja kikubwa kiende kwa nani, deni la nani lilipwe, na binti yake asiondolewe kwenye nyumba. Mashahidi wa nje anao wengi. Wa ukoo hana hata mmoja, na pengine ni bahati kwamba hayupo, kwa maana naye angekuwa kwenye hatari ileile. Maneno yake ya mwisho, hata yakisikiwa na kamanda na kuandikwa kwenye daftari la zahanati ya vita, hayatimizi masharti ya wosia wa kimila.

Tofauti inaonekana wazi zaidi tukiangalia kwingine. Mwaka 1978 askari wa Uingereza alipigwa risasi akiwa doria Ireland ya Kaskazini. Akiwa mahututi aliwaambia wakubwa wake wawili kwamba asipopona, mali yake apewe mchumba wake. Alikuwa tayari na wosia wa maandishi uliompa mama yake. Katika shauri la Jones la mwaka 1981, mahakama ilikubali maneno yale kuwa wosia halali, kwa kuwa Sheria ya Wosia ya 1837 inamwondolea askari aliye kazini masharti ya kawaida. Si jambo la Waingereza tu. Sheria ya Kirumi ilimpa askari nafuu hiyo tangu zama za Kaisari. Kurani nayo, katika Surat al-Maida aya ya 106, inamruhusu aliyefikwa na dalili za mauti safarini kushuhudisha watu wawili wasio wa kwao. Mapokeo matatu yaliyo mbali hivyo yameafikiana kwamba mtu aliye mbali na kwake asidaiwe mashahidi wa kwake.

Cha ajabu ni kwamba nafuu hiyo imo katika sheria zetu wenyewe. Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa Tanganyika na wakoloni na kuendelea kutumika baada ya uhuru, ina vifungu vya wosia wa askari: aliye vitani, akiwa na umri wa miaka 18, anaweza kuusia kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili, na wosia huo hufa mwezi mmoja baada ya hali hiyo kwisha. Tatizo ni nani anaingia chini ya sheria hiyo. Tangu shauri la marehemu Innocent Mbilinyi, lililoamuliwa na Jaji Mkuu Georges mwaka 1969, mahakama hupima namna ya maisha ya marehemu: kama aliishi mbali na mila za kwao, sheria ya 1865 inaweza kumhusu, kama hakuziacha, mila zinatawala. Kwa hiyo nafuu ya vita haitolewi kwa kupimwa vita. Karani wa mjini mwenye akaunti na ndoa ya kanisani anaweza kuipata, lakini mkulima wa Nkwenda, Kyerwa, aliyelala naye handaki moja haipati, kwa kosa la kuishi kwao.

4. Kaburi, kibanja na mjane

Watetezi wa ukoo watasema: hata bila wosia, kikao kitakaa. Ni kweli kitakaa. Swali ni kitakaa na ushahidi gani. Katika nchi ya migomba kaburi lenyewe ni hati. Baba amelala ndani ya kibanja, na kila anayedai kibanja anaanza kwa kuonyesha makaburi. Makaburi ya mashujaa wa vita vile yako Kaboya, wilayani Muleba. Taifa liliwapa heshima inayostahili, lakini familia ya aliyezikwa Kaboya ilipoteza alama ambayo kwa desturi ingesimama kando ya mlango wao. Askari wa akiba aliyefia mbali amekosa mashahidi wawili wa ukoo, na amekosa pia kaburi la kumshuhudia.

Anayebeba gharama ya upungufu huo ni mjane. Kanuni za 1963 zinasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba atatunzwa na watoto. Mabinti walizuiwa kuuza ardhi ya ukoo. Ndiyo maana shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, lililotoka Muleba na kuamuliwa na Jaji Mwalusanya Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990, linakumbukwa kama ushindi wa usawa. Nalikumbuka kwa sababu nyingine pia. Holaria aliuza ardhi ya ukoo mwaka 1988 kwa shilingi 300,000, na mpwa wake akadai mauzo hayo ni batili. Lakini hakuna aliyelazimika kubahatisha ardhi ilimfikiaje: baba yake alikuwa amemwachia kwa wosia halali. Katiba, kama jaji alivyoamua, ilimpa haki ya kuuza, ila karatasi ya baba ndiyo iliyompa kitu cha kuuza. Mjane au binti wa mgambo ambaye baba hakuandika angeingia mahakamani bila hatua hiyo ya kwanza.

5. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba Wanyambo wa Karagwe si Wahaya, na kanuni zilizojengwa juu ya utafiti wa Wahaya wa Bukoba zisibandikwe Karagwe. Nakubali upande mmoja. Hata hivyo, kama desturi ya Kinyambo ni laini kuliko kanuni, ulaini huo unaishi kwenye vichwa vya wazee, na mgambo hawezi kubeba wazee kwenye mkoba wake.

La pili ni la uchuro: kumpa kijana fomu ya wosia kabla ya safari ni kumtabiria kifo. Hofu hii ni ya kweli na haiondolewi kwa kubezwa. Njia yake ni kuifanya karatasi iwe ya watu wote na ya mapema, wakati wa mafunzo, pamoja na vipimo vya afya. Hapo haimtabirii mtu fulani chochote.

La tatu ndilo zito. Kwa nini tusirekebishe tu sheria, mgambo naye apate nafuu ya mashahidi wawili? Irekebishwe, ndiyo. Lakini Avirgan na Honey wanahesabu askari wa Tanzania 373 waliokufa katika vita vile, na kati yao 96 tu waliuawa katika mapigano. Hata kama vyanzo vingine vinatofautiana juu ya jumla, uwiano huo unafundisha kitu. Wengi walikufa kwa ajali na sababu nyingine zisizokuwa na saa ya maneno ya mwisho wala kamanda aliyeinama kusikiliza. Nafuu ya wosia wa mdomo inamfaa anayekufa akisema, na aliyepinduka na lori hamwambii mtu kitu. Hapo ndipo hoja yangu inapohama kutoka kwenye marekebisho ya sheria kwenda kwenye maandalizi.

6. Hitimisho

Maandalizi hayo ni karatasi nne. Ya kwanza ni wosia, wenye mashahidi kamili wa ukoo na wa nje, uandikwe wangali wote kijijini. Ya pili ni hati ya uwakilishi yenye mipaka, ili mke aweze kupeleka kahawa chama cha msingi na kupokea malipo yake kwa jina la mume aliye mbali. Ya tatu ni orodha ya mali na madeni, ikitaja waziwazi kahawa iliyouzwa butura ingali mtini, maana mnunuzi wa butura hujitokeza mwenye shamba akiwa hayupo, na hakuna wa kumbishia. Ya nne ni uthibitisho wa ndoa na majina ya watu wa kuarifiwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inadhania ndoa baada ya miaka miwili ya kuishi pamoja, na inadhania kifo baada ya miaka mitano bila habari, lakini dhana zote mbili humpa mjane kazi ya kuthibitisha wakati hana nguvu.

Wa kuifanya kazi hiyo wapo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) huhifadhi wosia. Sidai kwamba karatasi nne zingezuia kila ugomvi wa kibanja uliofuata vita vya Kagera. Ukoo unaotaka kugombana hugombana hata mbele ya muhuri. Nadai kwamba taifa linalomwita mkulima akalinde mpaka limechukua pia wajibu wa kumwachia mlangoni mipaka iliyoandikwa. Mgambo wa Kyerwa anayejifunza leo namna ya kumweleza mtuhumiwa kosa lake anaweza, ndani ya kipindi hichohicho cha somo la sheria, kuandika majina manne ya mashahidi wake. Kipindi chenyewe tayari kiko kwenye ratiba.