Maarifa ya kumzoesha farasi na punda bila kiboko

MOMBASA si mji wa farasi. Kwa mkazi wa Mishomoroni, katika eneo la Kisauni, mnyama wa kupandwa huonekana zaidi kwenye fuo za Nyali na Bamburi, ambako wageni na watoto hulipa ili wapande ngamia, na mara nyingine farasi. Mitaani, mnyama wa kazi ni punda, ambaye hukokota mitungi ya maji wakati mifereji imekauka.

Hata hivyo, ipo elimu moja inayowahusu wanyama hawa wote. Ni elimu ya kumfundisha mnyama kwa kufuata maumbile yake, yaani jinsi anavyoona, anavyoogopa na anavyojifunza, badala ya kumvunja moyo kwa kipigo. Katika makala haya tutaiita uzoeshaji wa kimaumbile.

Wengi huidhania kuwa anasa ya matajiri wenye mashamba ya farasi. Ukweli ni kwamba mwenye kuihitaji zaidi ni yule ambaye mlo wa jioni wa watoto wake hutegemea miguu minne ya mnyama mmoja.

CHIMBUKO LAKE

Wazo lenyewe ni la kale. Mwanahistoria na askari wa Kigiriki, Xenophon, aliandika kitabu kuhusu upandaji farasi katika karne ya nne kabla ya Kristo. Humo alishauri kwamba mtu asimwendee farasi akiwa na hasira, na kwamba farasi anapoogopa kitu asipigwe, kwa sababu maumivu humfanya aamini kwamba kitu kile ndicho kilichomdhuru.

Waarabu nao walikuza taaluma waliyoiita furusiyya, iliyojumuisha upandaji, utunzaji na tiba ya farasi. Vitabu vyake viliandikwa Baghdad tangu karne ya tisa, enzi ya ukhalifa wa Abbasi.

Sura ya sasa ya elimu hii ilijitokeza magharibi mwa Marekani katika karne ya 20. Wachungaji ng'ombe wa huko walikuwa na desturi ya kumfunga farasi mchanga, kumtandika na kumpanda kwa nguvu hadi akate tamaa. Ndugu wawili, Bill Dorrance (1906-1999) na Tom Dorrance (1910-2003), walionyesha njia nyingine ya utulivu. Mwanafunzi wao, Ray Hunt, aliisambaza kwa kufundisha hadharani.

Mmarekani mwingine, Monty Roberts, alialikwa na Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza mnamo 1989 ili aonyeshe ustadi wake katika kasri la Windsor. Filamu ya 1998 kuhusu mtu anayewanong'oneza farasi iliufanya mtindo huu ujulikane duniani kote.

MNYAMA ANAYESOMA MWILI

Ili kuifahamu njia hii, sharti kwanza mtu afahamu farasi na punda ni viumbe wa namna gani. Wote wawili ni wanyama wanaowindwa. Macho yao yako pande mbili za kichwa, hivyo huona karibu kila upande isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia. Ndiyo maana anayewajia kwa nyuma pasipo kutoa sauti huambulia teke.

Masikio yao huzunguka kufuata sauti. Ngozi yao ni nyepesi kuhisi kiasi cha kumtambua nzi mmoja aliyetua. Mnyama anayehisi nzi hahitaji gongo ili ajue kwamba ameguswa.

Aidha, ni hodari wa kusoma mwili wa binadamu. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, palikuwa na farasi aliyeitwa Hans ambaye watu waliamini kwamba anajua hesabu. Aliulizwa jumla ya namba, naye akajibu kwa kugonga ardhi kwa ukwato. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst aligundua siri. Hans hakujua kuhesabu. Alikuwa akitazama mabadiliko madogo mno katika uso na kichwa cha muulizaji, na pindi yalipojitokeza, aliacha kugonga. Muulizaji asiyejua jibu hakuweza kupata jibu sahihi.

Funzo la kisa hicho ni kwamba mnyama humsoma bwana wake hata bwana asipojua kwamba anasomwa. Mchunga anayefika zizini akiwa amekunja ngumi na kukaza mabega tayari ameshazungumza, kabla hajafungua kinywa.

SHINIKIZO NA KULEGEZA

Kiini cha mafunzo ni mambo mawili: shinikizo dogo, na kulilegeza kwa wakati ufaao. Mfunzi huvuta kamba ya kichwani polepole. Mnyama akipiga hatua moja, kamba hulegezwa papo hapo. Kule kulegezwa ndiko malipo yake, na ndiko kunakomwambia kwamba amefanya sawa.

Wakati ndio siri ya jambo lenyewe. Kamba ikilegezwa mara tu hatua inapopigwa, mnyama huunganisha tendo na nafuu. Ikichelewa, haelewi ni tendo gani lililomletea nafuu. Na ikiwa kamba hailegezwi kamwe, au fimbo inaendelea kumpiga hata akiwa anatembea, hujifunza kwamba hakuna analoweza kufanya ili maumivu yakome. Mnyama wa aina hiyo hufa ganzi. Mchunga humwita mkaidi, kisha humpiga zaidi.

Mafunzo huanzia chini, kabla ya mtu kupanda au kumfunga mkokoteni. Mnyama huzoezwa kuguswa mwili mzima, kuongozwa kwa kamba, kusimama, kurudi nyuma na kuinua mguu ili ukwato usafishwe. Vitu vigeni huletwa kwa hatua. Tandiko huonyeshwa, akalinusa, likawekwa mgongoni na kuondolewa mara kadhaa, ndipo likafungwa. Vipindi huwa vifupi, na kila kimoja humalizika mnyama akiwa ametulia.

Sifa zote hizo hazimaanishi kwamba mtindo huu hauna wakosoaji. Baadhi ya wataalamu wa tabia za wanyama hupinga dai kwamba farasi humwona binadamu kuwa kiongozi wa kundi lake. Wengine husema kwamba kumfukuza farasi katika ua wa mviringo hadi asalimu amri ni kumtisha vilevile, ijapokuwa hakuna kiboko. Wapo pia wanaolalamika kwamba elimu hii imegeuzwa biashara ya kuuza kamba na kanda za video kwa bei ghali. Lakini kuhusu umuhimu wa kulegeza kwa wakati, hakuna mzozo mkubwa.

KWA NINI PWANI NI YA PUNDA

Msomaji huenda akauliza mbona elimu ya farasi iletwe katika mwambao usio na farasi wengi. Jibu limo katika historia ya maradhi. Kuna ugonjwa wa virusi unaowapata farasi barani Afrika, ambao huenezwa na visubi, wadudu wadogo wapendao mahali penye joto na unyevu. Farasi wengi wasiochanjwa hufa wakiambukizwa, ilhali punda kwa kawaida huugua kidogo tu na kupona. Mbung'o nao walizuia farasi kuenea katika maeneo mengi ya bara.

Ndiyo sababu nchini Kenya michezo ya farasi ilistawi zaidi katika nyanda za juu zenye baridi. Uwanja wa mbio za farasi wa barabara ya Ngong, Nairobi, ulifunguliwa mnamo 1954. Pwani, kazi na safari zilibaki kwa punda.

Lugha yenyewe ni shahidi. Maneno farasi, lijamu na hatamu yana asili ya Kiarabu, nayo yalikita mizizi katika Kiswahili. Shogi ni mfuko wa mzigo unaoning'inizwa pande mbili za mgongo wa punda. Mwendo pia una majina yake: telki, matiti, shoti. Watu wasiojali wanyama wa kupandwa wasingekuwa na msamiati kama huo.

Jamii ya wapanda punda iliyo hai zaidi katika mwambao wetu iko Lamu. Mji huo wa kale, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mnamo 2001, una vichochoro vyembamba visivyopitika kwa gari. Mawe, mchanga, saruji na vyakula husafirishwa kwa punda. Mwaka 1987 shirika la Uingereza la kutetea punda lilifungua kituo cha tiba mjini humo, na kwa miaka mingi mashindano ya kumtuza mwenye punda aliyetunzwa vizuri zaidi yamekuwa sehemu ya kazi yake.

Katika sherehe za kitamaduni za Lamu, vijana hushindana kwa mbio za punda kando ya bahari, wengi wao pasipo tandiko. Anayemtazama mpanda hodari ataona kwamba humwongoza punda kwa uzito wa mwili, goti na sauti. Hajasoma kitabu cha Dorrance wala cha Xenophon, lakini amekulia mgongoni mwa mnyama.

PUNDA HANA UKAIDI

Kosa kubwa ni kumchukulia punda kama farasi mvivu. Farasi akishtuka hukimbia. Punda, ambaye asili ya mababu zake ni nchi kavu zenye mawe za kaskazini-mashariki mwa Afrika, mara nyingi husimama na kupima hatari. Kusimama huko ndiko tunakokuita ukaidi. Akipewa muda mfupi wa kutazama na kunusa daraja, dimbwi au mfereji wa maji machafu, mara nyingi huvuka mwenyewe. Akipigwa, kwake hatari huwa mbili: iliyo mbele na iliyo nyuma.

Wakati mwingine punda hukataa kwenda kwa sababu mzigo umemshinda. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400, kabla hujahesabu mkokoteni wenyewe. Juu ya lami tambarare na magurudumu yenye upepo wa kutosha, mzigo huenda kwa wepesi. Kwenye mchanga au mlima, mzigo huohuo huwa mateso. Kwa mzigo wa mgongoni, kipimo kinachopendekezwa na wengi ni takriban thuluthi moja ya uzani wa punda. Punda wetu wa kawaida ana kilo 120 hadi 160 hivi, kwa hiyo mitungi miwili iliyojaa inamtosha.

Methali husema punda afe mzigo ufike. Mwenye punda mmoja anajua kwamba hesabu hiyo ni ya hasara, kwa sababu kesho kuna mzigo mwingine.

SHERIA NA HESABU

Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, hufanya kuwa kosa kumpiga mnyama kikatili, kumtwika kupita kiasi au kumtisha. Lakini sheria pekee haitoshi pale ambapo mchunga hajui njia nyingine ya kumfanya mnyama aende.

Thamani ya punda nayo imebadilika. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ilipata takriban milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo vilifunguliwa vichinjio vya punda, ngozi zikisafirishwa China kutengenezewa dawa ya asili iitwayo ejiao, na wizi wa punda ukaongezeka. Serikali iliamuru uchinjaji ukome mnamo Februari 2020, Mahakama Kuu ikabatilisha amri hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Muungano wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani. Mnyama aliyekufa kwa kipigo au kidonda si rahisi tena kumpata mwingine wa badala yake.

LA KUFANYA LEO

Mwenye mkokoteni hahitaji ua wa mafunzo wala vifaa vya ng'ambo. Anaweza kuanza na haya:

Kwanza, amwendee mnyama kwa ubavuni, hali akizungumza, amguse shingo kabla ya kumfunga.

Pili, akague kila asubuhi mahali pote panapogusana na kamba na matandiko, yaani kifua, mabega, mgongo na chini ya mkia. Kidonda kikiwapo, kazi isimame hadi kipone, na kitambaa laini au pamba iwekwe badala ya kamba ya nailoni juu ya ngozi.

Tatu, achague neno moja la kwenda na moja la kusimama, asiyabadilishe, na wote wanaomtumia mnyama huyo wayatumie hayohayo.

Nne, kila ishara ianze ndogo, na ikome mara mnyama anapoitikia.

Tano, mnyama apewe maji mara kwa mara. Ni aibu kwa punda anayesambaza maji mtaa mzima kushinda na kiu.

Sita, mtoto asikabidhiwe mnyama kabla hajafundishwa. Mara nyingi mkono wa mtoto huiga ule wa mkubwa wake, na fimbo hurithiwa kama ilivyo ada nyingine yoyote.

Mabadiliko hayaji kwa siku moja. Punda aliyezoea fimbo kwa miaka huenda akachukua wiki kadhaa kabla ya kuamini kwamba kamba iliyolegea ina maana. Atakayevumilia muda huo atapata mnyama anayeamka bila kusukumwa, anayesimama pasipo kufungwa, na ambaye anaweza kufanya kazi kwa miaka mingi zaidi.