Mtu wa benchi aliyewafundisha Waaustralia kuhesabu

Ijumaa ya Septemba 26, 2025 ilikuwa sikukuu katika jimbo la Victoria, Australia. Jimbo hilo hupumzika kila mwaka siku moja kabla ya fainali kuu ya AFL, ligi ya mpira wa miguu wa kwao, na mitaa ya Melbourne hujaa watu wanaokwenda kushangilia gwaride la timu mbili zilizofika mwisho. Safari hii zilikuwa Brisbane Lions na Geelong, na kesho yake Brisbane wakabeba kombe. Lakini tarehe yenyewe ilikuwa na kumbukumbu yake. Ilitimia miaka 55 tangu Carlton na Collingwood wapambane katika uwanja wa MCG mbele ya watazamaji 121,696, idadi ambayo mchezo huo haujaifikia tena mpaka leo.

Ikitajwa fainali ya 1970, picha inayoletwa mbele ni ya Alex Jesaulenko wa Carlton akiwa hewani, amempanda Graeme Jenkin mabegani, mikono imenyooka kuudaka mpira. Inastahili sifa zake. Ila kwa Waaustralia ambao kila Machi hukesha wakipanga vikosi vya fantasi, wakipima nani anunuliwe na nani awekwe akiba, shujaa wa siku ile ni mwingine. Anaitwa Ted Hopkins, na alianza mechi akiwa ameketi benchi.

Msomaji anayecheza Fantasy Premier League hapa kwetu ataelewa haraka. Unapewa fedha za kubuni, unanunua wachezaji wa kweli, na wanachokifanya uwanjani mwishoni mwa wiki kinageuzwa kuwa pointi zako. Tofauti ni kwamba mpira wa Australia una mambo mengi zaidi ya kuhesabu. Uwanja wao una umbo la yai, timu ina watu 18, na kila upande una nguzo nne. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya nguzo mbili ndefu ni bao la alama 6. Ukipita pembeni ni alama 1. Mchezaji hupiga kwa mguu, hutoa pasi kwa kuugonga mpira kwa ngumi, hudaka hewani, hukaba. Kiungo mzuri anaweza kuugusa mpira mara 30 katika mechi moja. Vidole havitoshi kuhesabu hayo yote, na kwa miaka mingi hakuna aliyeona haja ya kuyahesabu vizuri.

Siku ile ya 1970 Collingwood walikwenda mapumziko wakiongoza 73 kwa 29. Tofauti ya alama 44 katika fainali ilimaanisha kombe limekwishapata mwenyewe. Enzi hizo timu ilikuwa na wachezaji wawili tu wa akiba, na aliyetolewa hakuruhusiwa kurudi. Kocha wa Carlton, Ron Barassi, alikuwa na karata mbili mkononi na alitumia moja palepale: alimtoa Bert Thornley akamwingiza Hopkins, kijana wa miaka 21 kutoka mji wa Moe, mwenye umbo dogo na ambaye hakuwa na namba ya kudumu kikosini. Kisha akawaagiza wachezaji wake waache kupiga mipira mirefu ya kubahatisha. Toeni pasi za ngumi, aliwaambia, na msisimame, songeni mbele.

Hopkins alifunga bao karibu mara tu kipindi cha pili kilipoanza. Akaongeza. Kufikia mwisho wa robo ya tatu pengo la alama 44 lilikuwa limebaki 17, na Collingwood walianza kucheza kama watu waliosikia hatua nyuma yao gizani. Hopkins alimaliza na mabao manne. Jesaulenko ndiye aliyeweka la mwisho, mpira ukidunda na kuviringika kuingia katika goli lililokuwa wazi. Carlton 111, Collingwood 101. Msimu uliofuata Hopkins alicheza mechi moja tu, akaacha. Maisha yake yote ya ligi kuu yalikuwa mechi 29.

Alichofanya baadaye ndicho kinachotuhusu. Hopkins aliingia katika uandishi wa mashairi na uchapishaji wa vitabu, na katikati ya miaka ya 1990 akaanzisha Champion Data, kampuni ya kukusanya takwimu za mpira. Hapa ndipo mtu anaona jinsi kumbukumbu rasmi ilivyokuwa hafifu. Vitabu vya ligi vina hesabu ya mipira iliyopigwa, pasi za ngumi na madaka kuanzia 1965. Ukabaji ulianza kuandikwa 1987. Mpira ulionyang'anywa katika msongamano, ukitenganishwa na ule uliopokewa kwa raha bila mtu karibu, ulianza kuhesabiwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa maneno mengine, kabla ya Hopkins na wenzake, anayetoa mpira chini ya miguu ya watu watano na anayepokea pasi peke yake pembeni waliandikiwa kitu kimoja: kagusa mpira. Watu wa Champion Data walikaa viwanjani, mmoja akitaja kila tukio kwa sauti na mwingine akiliingiza kwenye kompyuta, na ligi ikawakubali kuwa watoa takwimu wake rasmi. Hopkins mwenyewe aliyasimulia mapinduzi hayo katika kitabu chake cha 2011, The Stats Revolution.

Michezo ya fantasi ilikuwa imeanza mbali. Bill Winkenbach na rafiki zake walianzisha ligi yao Oakland, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakitumia mpira wa Kimarekani. Daniel Okrent na kundi lake wakaifanya kwa besiboli New York mwaka 1980. Australia ilipata yake intaneti ilipoenea: kwanza Dream Team, ambayo sasa ni AFL Fantasy, kisha SuperCoach ya gazeti la Herald Sun. Kwa miaka mingi umbo la kikosi lilikuwa lilelile: wachezaji 30, kati yao 22 wa kuanza, yaani mabeki 6, viungo 8, raki 2 (wale warefu wanaorukia mpira unaporushwa juu) na washambuliaji 6. Wanane waliobaki walikaa benchi. Katika SuperCoach fedha za kununulia zimezoeleka kuwa dola milioni 10, na nyota wachache hula sehemu kubwa ya hizo.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza, na ni ugomvi wenye maana, kwa sababu unahusu mchezaji bora ni yupi.

Dream Team ilihesabu kwa uwazi kabisa. Mpira uliopigwa kwa mguu, pointi 3. Pasi ya ngumi, 2. Daka, 3. Kukaba, 4. Bao, 6. Ukifanya madhambi unakatwa 3. Mtoto wa shule anaweza kukaa mbele ya televisheni na daftari akapata jumla sahihi. SuperCoach ikachukua hesabu za Champion Data: mpira uliopigwa kwa mguu ukafika kwa mwenzako una pointi 4, uliokwenda mikononi mwa adui unakukata 4, bao lina 8. Mpira ulionaswa kutoka kwa mpinzani hulipwa zaidi ya ule uliopewa na mwenzako. Juu ya hayo, kila mechi ina pointi 3,300 za kugawana, na baada ya kipenga cha mwisho zinagawanywa upya kulingana na uzito wa tukio: bao la dakika ya mwisho katika mechi iliyobana lina thamani kuliko bao la mechi iliyokwisha kuamuliwa.

Wa Dream Team wanasema SuperCoach inaficha kanuni zake, maana hakuna shabiki anayeweza kukagua mgawanyo ule wa mwisho. Wa SuperCoach wanajibu kwamba Dream Team inawatajirisha wapigaji pasi za pembeni zisizo na faida kwa timu. Nimezifuatilia hoja za pande zote, na naamini upande wa SuperCoach una hoja nzito zaidi, lakini upande wa Dream Team una haki katika jambo moja: kitu kinachoamua zawadi ya fedha kingepaswa kuweza kukaguliwa na aliyeshindwa.

Jaribu kumpima Hopkins wa 1970 kwa mizani hiyo miwili. Kila bao lake ni teke moja na bao moja, yaani pointi 9 za Dream Team. Manne yanampa 36 kwa nusu mechi kabla hujahesabu kingine chochote. Lakini jumla kamili haipatikani, kwa kuwa hakuna aliyeandika amekaba mara ngapi. Kwa mizani ya SuperCoach, ambayo ingempa utajiri kwa kugeuza fainali, hesabu haiwezekani kabisa.

Mfano wa karibu nasi ni Aliir Aliir. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, wazazi wake wakiwa wametoka Sudan, akafika Australia mtoto. Sydney Swans walimchukua, kisha akahamia Port Adelaide na mwaka 2021 akaingia katika kikosi bora cha ligi nzima. Kazi yake ni kusoma mpira wa adui ukiwa angani na kufika kabla yake. Beki wa aina hiyo hapigi pasi 30, kwa hiyo mizani ya zamani humwona mdogo. Ni hesabu ya kina iliyomwezesha shabiki wa fantasi kumpa thamani ambayo makocha walikuwa wanaijua.

Tukirudi kwenye ununuzi wa kikosi, mkakati uliotawala tangu mwanzo ni nyota na chipukizi. Unanunua wachache wa bei ghali kabisa, kisha unajaza nafasi zilizobaki na vijana wa bei ya chini, ukiwaepuka wa bei ya kati. Chipukizi ananunuliwa kama ndama: akicheza vizuri wiki sita au nane bei yake inapanda, unamuuza, unaongeza fedha kidogo na kupata nyota mwingine. Kila mchezaji ana kiwango cha pointi anachotakiwa kufikisha ili bei isishuke, na kocha mzuri wa fantasi hukitazama kabla ya kutazama msimamo wa ligi.

Mtu aliyeufanya mkakati huu uaminiwe ni Michael Barlow. Klabu za AFL zilikuwa zimempita. Alikuwa na miaka 21 na alikuwa akichezea Werribee katika ligi ya VFL, ambako mwaka 2009 alipata medali ya kijana mwenye kipaji. Fremantle wakamsajili katika orodha ya chipukizi. Katika mechi yake ya kwanza 2010, dhidi ya Adelaide, aliugusa mpira mara 33. Kila mwenye macho alimnunua kwa bei ya chini kabisa, na Barlow akaendelea kuvuka pointi 100 kwa wastani, jambo ambalo nyota wengi wa bei mara nne yake hawakulifikia. Ikawa shida mpya: utamuuzaje ndama aliyegeuka fahali? Wengi walikataa kumuuza. Katikati ya msimu aligongana na mwenzake wa timu, Rhys Palmer, mguu ukavunjika mifupa yote miwili. Wiki iliyofuata walioweka mtu wa maana benchi walipona. Walioweka vijana wasiocheza, ili tu orodha ifike 30, walipata sifuri mahali pa mia. Wachezaji wenzake wa ligi walimchagua Barlow kuwa bora kati ya wachezaji wapya wa mwaka huo licha ya sehemu ya msimu kumpotea, na mwaka 2024 aliwapa Werribee ubingwa wa VFL akiwa kocha wao.

Tangu hapo ligi yenyewe imekuwa ikilisukuma benchi katikati ya mambo na kubadili thamani za wachezaji. Mwaka 2011 klabu zikawa 17, hivyo kila wiki angalau moja ilipumzika. 2012 zikawa 18 na mapumziko yakakusanywa katikati ya msimu, ambapo ni pointi za watu 18 bora tu zinazohesabiwa. Kuanzia 2011 hadi 2015 kulikuwa na sheria ya fulana: anayeingia alivaa ya kijani, anayetoka akavishwa nyekundu na hakurudi, na chipukizi wengi waliishia na nusu mechi. Mwaka 2019 kanuni ya kuanzisha mpira golini ililegezwa, mabeki kama Jake Lloyd wa Sydney wakapata pointi za ziada. Kwa upande wa raki, Max Gawn na Brodie Grundy walinunuliwa mwanzoni na kuachwa mpaka mwisho wa msimu, hadi Grundy alipojiunga na klabu ya Gawn mwishoni mwa 2022 wakaanza kulana pointi.

Siku hizi hata kijana asiyecheza ana kazi. Kocha humpa unahodha msaidizi mtu wa mechi ya Alhamisi au Ijumaa. Akipata 140, kocha humpandisha kijana asiye na mechi kutoka benchi na kumvisha unahodha. Kwa kuwa nahodha hakucheza, pointi za msaidizi ndizo zinazozidishwa mara mbili, na nafasi ya kijana inazibwa na mtu wa akiba. Mchezaji ambaye hakugusa mpira ameleta pointi 140 nyumbani.

Kinachonisikitisha ni kwamba mashabiki wanaojua bei ya kila chipukizi kwa kichwa hawakumbushwi na mtu kwamba hesabu wanazoishi nazo zilipiganiwa na mchezaji wa akiba wa Carlton. SuperCoach na AFL Fantasy hutoa zawadi kwa bingwa kila mwaka. Zingeweza kuweka nyingine, ya kikosi kilichopata pointi nyingi zaidi kutoka benchi, na kuipa jina la Ted Hopkins. Takwimu za kumpata mshindi tayari wanazo.