Nani aketi na nani: historia ya sinia ya pwani

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri mzaliwa wa Tangier, alifika Mogadishu kwa bahari, na kwa siku tatu akaletewa chakula mara tatu kwa siku. Alikieleza kama mtu anayejua kula. Kulikuwa na wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni waliweka ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya malimau na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Kisha, bila haya ya mgeni aliyekirimiwa, akaongeza kwamba mtu mmoja wa mji ule hula sawa na kundi zima la watu wa kwao, na kwamba wenyeji wamenenepa kupita kiasi.

Alipoteremka hadi Mombasa alikuta watu wakiishi zaidi kwa ndizi na samaki. Kilwa ndiko alikoona jambo lililomgusa kuliko chakula chenyewe. Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi zake, alikuwa akiketi na mafakiri na kula nao. Wengi wakisimulia habari hii huishia kwenye unyenyekevu wa sultani, na sifa hiyo anaistahili. Lakini habari huwa habari kwa sababu si kawaida. Kama kila mkubwa wa Kilwa angekuwa anakula na masikini, mgeni asingeona haja ya kuiandika. Alipokufa Hasan, ndugu yake Daudi, aliyemrithi, alikuwa mkono birika, na waombaji walioendelea kubisha hodi wakaambiwa kwamba mwenye kutoa amekwisha kufa.

Basi tayari katika karne ya 14 watu wa pwani walijua kuhesabu nani anakula na nani. Hesabu hiyo ni ya zamani zaidi ya Ibn Battuta, na baadhi yake imefukuliwa ardhini. Kaskazini mwa Pemba, wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher wamechimba maeneo mawili ya kale yaliyokaribiana: Tumbe, lililokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10, na Chwaka, lililofuata kuanzia karne ya 11. Mbegu zilizoungua zilizochambuliwa na mtafiti Sarah Walshaw zinaonyesha kwamba watu wa Tumbe walikula zaidi uwele, na wale wa Chwaka wakahamia kwenye mpunga. Vyombo navyo vilibadilika. Mabakuli ya wazi, ya kienyeji na ya kutoka ng'ambo, yaliongezeka kadiri miji ya mawe ilivyokua, na Fleisher anayasoma kama dalili ya karamu: chungu ni cha kupikia na kuwekea, bali bakuli pana lililonakshiwa ni la kutengwa mbele za watu. Hata leo kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi na Kaole yanaonekana matundu ambamo sahani na mabakuli ya kaure yalipachikwa, kana kwamba marehemu bado anakaribisha.

Kabla ya sinia za shaba, na baadaye za bati na aluminiamu, watu walitenga chakula katika chano cha mti. Chombo kilibadilika, adabu haikubadilika sana. Watu wanne au watano, sita wakibanana, huzunguka sinia moja juu ya jamvi. Maji ya kunawa huanzia kwa mkubwa. Kila mmoja hula upande wake kwa mkono wa kulia, na mkono unaovuka kwenda kwa jirani hukumbukwa na walioketi pale kwa muda mrefu. Nyama hukaa katikati, lakini si ya anayewahi. Mwenyeji au mtu mzima ndiye huichambua kwa vidole na kusogeza mapande mbele ya wageni, na kijana aliyelelewa vyema hula wali kwanza huku macho yake yakijifanya hayaoni paja la kuku. Aliyeshiba mapema huendelea kudonoa chembe mojamoja ili wenzake wasione aibu kuendelea. Ni vigumu kupata shule ya nidhamu iliyo rahisi kuliko hii.

Ndani ya sinia watu ni sawa. Tofauti iko katika kupangwa. Masharifu, kadhi na maimamu huitwa kwenye sinia za kwanza, wazee kwa wazee, vijana kwa vijana, na watoto hupewa kilichobaki, mara nyingi pamoja na ukoko. Wanaume hula barazani au nje chini ya turubai, wanawake ndani na uani.

Katika kisiwa cha Ngazidja, huko Komoro, mpango huu umegeuka kuwa katiba ya mji. Mwanamume huhesabiwa mtu mzima kamili akishatimiza ada, yaani harusi kubwa inayodai ng'ombe, magunia ya mchele na karamu za mji mzima. Asiyeitimiza, hata awe na mvi na shahada, hana neno zito penye mkutano wa wazee. Wakomoro wengi walioko Marseille hujinyima kwa miaka ili warudi kuilipa. Mtu wa nje huona ni ufujaji. Mwenye kuilipa anajua kwamba atakula kwenye karamu za wenzake mpaka afe.

Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Unguja, nao ulikuwa na kawaida zake za aina hiyo. Katika karne ya 19 misafara ya pembe iliingiza mali Bagamoyo na Pangani, na kila mwenye mali mpya alitaka jina. Desturi za Wasuaheli, kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, kinaonyesha jinsi cheo cha mjini kilivyofungamana na ada na karamu. Mwanahistoria Jonathon Glassman amekwenda mbali zaidi. Kwake karamu hizo zilikuwa uwanja wa mapambano: wenye mji walilinda nafasi zao, wageni kutoka bara na watumwa walisukuma ili nao waingie, na mvutano huo ulichangia moto uliowaka mwaka 1888 Wajerumani walipojaribu kuitawala pwani.

Lamu ilipata jibu lake tofauti kupitia Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Komoro. Mwishoni mwa karne ya 19 alijenga makao yake Langoni, mtaa wa watu wa chini, akawasomesha watoto ambao waungwana hawakutaka kuwaona darasani, wakiwemo wenye asili ya utumwa. Wakubwa wa mji walinung'unika. Maulidi ya msikiti wake wa Riyadha yakawa mkusanyiko ambao mtu aliweza kuingia bila kuulizwa babu yake ni nani, na mpaka leo wageni kutoka pwani nzima huja, ng'ombe huchinjwa na wali huliwa kwa makundi. Mombasa, wanawake wa vyama vya ngoma ya lelemama nao walishindana kwa karamu na mavazi, chama hiki kikijitahidi kukizidi kile.

Kilichoivunja hesabu ya zamani kikatili zaidi ni daftari la mgao. Tangu enzi za Sultani Seyyid Said, Unguja na Pemba zilipanda mikarafuu na kununua mchele ng'ambo. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, njia kuu ya mchele huo ikakatika, na serikali ya kikoloni ikagawa chakula kwa asili ya mtu. Wahindi na Waarabu waliandikiwa mchele, Waafrika wakaandikiwa nafaka nyingine kama unga wa mahindi. Watu ambao kwenye hitima wangeketi jamvi moja walikuwa sasa kwenye kurasa tofauti, na swali la nani Mshirazi, mwenye kujinasibisha na Uajemi, na nani Mwafrika likaanza kupimwa kwa vibaba. Ubishi wa siasa za miaka ya 1950 ulikuwa na mizizi mingi, lakini mzizi huu haukuwa mdogo.

Siku hizi hoteli za Dar es Salaam na Mombasa zinauza sinia ya watu wanne, chipsi chini na kuku juu, na wanaoila hugawana bili kwa kichwa. Harusi nyingi zimehamia ukumbini. Mshereheshaji huita meza kwa namba, wageni hupanga foleni na sahani mkononi, kila mtu hupakuliwa chake. Wa meza kuu hawapangi foleni. Wao hupelekewa chakula wakiwa wamekaa, na kamati ya harusi hubishana wiki nzima kabla ya siku yenyewe kuhusu mjomba yupi akae pale.