Wayahudi wawili wa moto wa Tongoni

Ukitoka Tanga mjini ukashika njia ya Pangani, mwendo mfupi tu unafika Tongoni. Msikiti umebaki kuta, na makaburi ya minara yamesimama kati ya mibuyu, yakitazama bahari na mafungu yake ya mchanga.

Hapo, Januari 1499, Vasco da Gama aliichoma moto merikebu yake mwenyewe, São Rafael. Kiseyeye kilikuwa kimewamaliza mabaharia, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Msafara ulikaa siku 15. Watu wa Mtangata, kama mahali hapa palivyoitwa zamani, wakawaletea kuku, wakabadilishana kwa mashati na bangili.

Kisa hicho husimuliwa sana. Wanaoachwa nje ni Wayahudi wawili.

Wa kwanza alikuwemo msafarani. Mwaka 1498, katika kisiwa cha Anjediva, pwani ya India, aliwaendea Wareno akizungumza nao vizuri. Wakamkamata, wakamchapa mpaka akakiri kuwa ametumwa. Waandishi wa Kireno waliofuata wanamtaja kuwa Myahudi ambaye wazazi wake walitoka Polandi. Alibatizwa, akapewa jina la ukoo wa aliyemteka: Gaspar da Gama.

Wa pili, mwanafalaki Abraham Zacuto, hakufika huku. Zilizofika ni hesabu zake. Majedwali yake ya jua, yaliyochapwa Leiria mwaka 1496, yaliwasaidia mabaharia wa Ureno kujua wako wapi baharini. Desemba mwaka huohuo Mfalme Manuel aliamuru Wayahudi watoke nchini. Ulipoingia 1497, wengi hawakuachwa hata watoke: walibatizwa kwa nguvu, na watoto wakanyang'anywa wazazi wao. Julai, da Gama akang'oa nanga Lisbon. Mfalme aliipokea elimu ya Myahudi kwa mikono miwili, Myahudi mwenyewe akamfukuza. Sina jina jingine la jambo hilo ila dhuluma.

Zacuto alikimbia na mwanawe. Njiani alitekwa mara mbili, kisha akafika Tunis. Huko, mwaka 1504, alikamilisha kwa Kiebrania kitabu chake Sefer Yuhasin, historia ya wanazuoni wa watu wake, na humo akaandika pia mateso yaliyowapata Hispania na Ureno, na yaliyompata yeye. Alikuwa amekwisha kupata hifadhi katika mji wa Waislamu wa Afrika, angeweza kunyamaza akala mkate wake kwa amani. Hakunyamaza. Na yaliyofuata yalionyesha kuwa alikuwa na haki ya kusema: Aprili 1506, Wayahudi wengi waliokwisha kubatizwa waliuawa mitaani Lisbon. Ubatizo haukuwaokoa, waliowachukia walikuwa wakiichukia asili yao.

Mwaka 1989, Rais Mário Soares aliwaomba Wayahudi radhi kwa niaba ya Ureno. Kwetu hakuna radhi ya kuomba katika hili, lakini kuna kisa cha kukamilisha. Ninyi mnaowatembeza wageni Tongoni, mkifika kwenye habari ya moto ule, mtajeni Gaspar, na mtajeni Zacuto.