Bernardo wa Clairvaux na Maana ya Utawa katika Afrika ya Mashariki

Bernardo alizaliwa mwaka 1090 huko Fontaine, karibu na Dijon, Ufaransa, katika ukoo wa makabaila. Zama hizo nyumba nyingi za wamonaki waliofuata kanuni ya Benedikto wa Nursia zilikuwa zimetajirika. Sala zilikuwa ndefu na za fahari, na kazi ya mikono iliachiwa watumishi na wakulima. Mwaka 1098 wamonaki wachache walihamia Cîteaux, mahali pa ukiwa, ili kuirudia kanuni kama ilivyoandikwa. Bernardo aliingia huko mwaka 1113 pamoja na jamaa na rafiki wapatao 30, na mwaka 1115 alitumwa kuanzisha nyumba ya Clairvaux.

Mageuzi yenyewe yalikuwa mepesi kueleza na magumu kutenda: nguo ya sufu isiyotiwa rangi, chakula kisicho na nyama, kanisa lisilo na mapambo, na shamba lililolimwa na watawa wenyewe. Bernardo alipofariki mwaka 1153, nyumba za utaratibu huo zilizidi 300.

Hata hivyo mtu huyu aliyechagua kimya aliishi miaka mingi njiani. Alisuluhisha ugomvi wa mapapa wawili uliozuka mwaka 1130, na mwaka 1146 alihubiri vita vya msalaba. Vita hivyo viliposhindwa, lawama zilimwangukia yeye.

Mgongano huo wa kujitenga na kutumwa ulifika hata Afrika ya Mashariki. Katika nyumba ya La Trappe, mwaka 1664, Abate Rancé alianza kuurudisha ukali wa Cîteaux, na wafuasi wake wakaitwa Watrapisti. Mwaka 1882 Franz Pfanner aliwaongoza baadhi yao kuanzisha Mariannhill, Natal. Na kutoka huko, mwaka 1897, wengine walifungua kituo Gare, katika milima ya Usambara. Kanuni iliwataka wanyamaze. Shule na mafundisho ya dini yaliwataka waseme, tena kwa lugha za wenyeji. Mwaka 1909 Roma iliitenga Mariannhill na Watrapisti, ikawa shirika la wamisionari. Watrapisti wa Tilburg, Uholanzi, waliofika Lumbwa, Kenya, mwaka 1956, walishika njia ya kimya. Lakini baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, walihamia Uganda.

Upande wa Msowero, wilayani Kilosa, historia ilikwenda kwa njia nyingine. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na Mhonda, chini ya milima ya Nguru, mwaka 1877, hawakuwa wamonaki. Kengele, sala na shamba viligawa siku zao kama kule Clairvaux, lakini walikuja ili watoke kuwaendea watu. Mmoja wao, Charles Sacleux, aliyesikiliza usemi wa pwani kwa miaka mingi, alitunga kamusi ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939.

Lugha nayo imeyahifadhi mambo haya mawili. Kutawa ni kukaa ndani, kutoonekana na watu. Pwani kitenzi hiki kilisemwa hasa juu ya wanawake wa heshima. Wakristo walilichukua neno mtawa kwa maana ya aliyeweka nadhiri. Leo huitwa hivyo hata muuguzi na mwalimu, ambao kazi yao ni kutoka kila asubuhi kwenda kwa watu. Kwa asili ya neno, huo ni ukinzani. Kwa historia ya Bernardo, si jambo geni.